Jina Likirudi kwa Mwenyewe, Wakala Hubaki na Nini?



Jumatatu moja ya mwezi wa Februari, mwaka 2023, nilikuwa ofisini hapa parokiani Mbaha nikinakili majina katika kitabu cha Ubatizo. Mara akaingia mama mmoja wa kigango chetu, mjane mwenye watoto wanne. Mkono mmoja alishika simu, na mkono wa pili alishika karatasi zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisomee. Wamenifungia laini."

Mama huyu alikuwa wakala wa fedha za simu. Kwa miaka mitatu alikaa katika kibanda chake karibu na mahali wauzapo dagaa, akiweka na kutoa fedha za watu. Usiku wa Jumamosi alipata ujumbe mfupi kwamba laini yake ya uwakala imefungwa kwa kuwa hakufikisha idadi ya miamala iliyotakiwa. Hakupewa onyo wala barua. Ndani ya laini ile mlikuwa na shilingi 640,000, na katika hizo, 400,000 alikuwa amezikopa katika kikundi chake cha VICOBA. Alisema, "Wamechukua kibanda changu," kisha akakaa kimya.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike habari hii. Maana kibanda hawakukichukua, kilikuwa palepale. Kilichochukuliwa ni jina. Lakini mama yetu, kama wengi wetu, alikuwa hajapambanua kipi katika biashara ile ni chake na kipi ni cha kampuni. Basi tuyatazame mambo hayo pole pole, kwa sababu katika vijiji vyetu vya pwani ya Ziwa Nyasa, na huko juu Umatengo, vijana na akina mama wengi wameingia katika biashara za namna hii, na wengine wataingia.

Ziko biashara ambazo mtu huanzisha kwa jina lake mwenyewe. Akishona nguo, ni fundi fulani. Akiuza chumvi na mafuta ya taa, ni duka la fulani. Lakini ziko biashara nyingine ambazo mtu hutia mtaji wake, jasho lake na nyumba yake, ila jina lililo juu ya mlango ni la mwingine. Mwenye jina hutoa rangi, bango, mafundisho na masharti. Mwenye mtaji hufanya kazi na kupata kamisheni au faida. Huko mijini mikataba mikubwa ya namna hii huitwa franchaizi, na ndiyo itumikayo katika hoteli nyingi, na katika maduka ya kuku wa kukaanga ya KFC yaliyoko Nairobi. Hata soda tunywayo sikukuu ya Noeli hutiwa chupani na kampuni za humu nchini kwa ruhusa ya mwenye jina aliyeko ng'ambo. Wakala wa fedha za simu hayuko sawasawa kabisa na hao, lakini ni ndugu yao wa karibu. Wote wamelikodi jina, na lililokodiwa huweza kudaiwa na mwenyewe.

Biashara hii ya fedha za simu ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 ikaingia kwetu Tanzania. Kampuni nyingine zikafuata. Majina yenyewe hayadumu. Iliyokuwa Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Mwezi wa Novemba 2024 Tigo ikajiita Yas. Wakala alilala na jina moja, akaamka na jingine ukutani pake, wala hakuna aliyemwomba shauri. Hilo peke yake latosha kutuonyesha nani mwenye jina.

Sasa, mwenye jina akiamua kulichukua, wakala ana haki gani?

Nilikunjua zile karatasi za mama. Zilikuwa kurasa kumi na moja, zote kwa Kiingereza, zenye herufi ndogo kama mbegu za ulezi. Alikuwa ametia sahihi chini ya kila ukurasa. Nilimwuliza kama aliwahi kusomewa. Akasema kijana aliyeleta mkataba ule alikuwa na haraka, pikipiki ilikuwa ikimngoja. Tulikaa naye hadi adhuhuri, mimi na Kiingereza changu cha chuo cha ualimu na kamusi mezani. Ukurasa wa tisa tuliyaona maneno tuliyoyatafuta: kila upande waweza kuvunja mkataba kwa kumpa mwenziwe taarifa ya maandishi ya siku 30. Tena, chini yake, kampuni yaweza kusimamisha huduma mara moja endapo wakala amevunja masharti. Basi ugomvi wote ulikuwa hapo: je, kukosa idadi ya miamala katika mwezi wa Februari ni kuvunja masharti, au ni biashara kupungua tu?

Atokaye kwetu aijua Februari. Ni mvua, mahindi bado yako shambani, fedha ya kahawa huko juu imekwisha zamani, na ziwa likichafuka wavuvi hawalali majini. Nani ataweka fedha katika simu? Lakini mkataba ulitaka idadi ileile kwa kila mwezi wa mwaka, kana kwamba Mbaha ni Kariakoo.

Tanzania haina sheria ya pekee kwa ajili ya biashara za kukodi jina. Tunayo Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961, ambayo sasa ni Sura ya 345 ya sheria zetu. Mzizi wake ni sheria ya India ya mwaka 1872, na ndani yake mna sehemu nzima ihusuyo mawakala. Sheria hiyo yasema kwamba aliyemweka wakala aweza kumwondoa, hilo tusijidanganye. Lakini ikiwa walipatana muda maalumu, naye akamwondoa kabla ya muda huo pasipo sababu ya kutosha, amlipe fidia. Na taarifa sharti itolewe kwa muda unaofaa. Asiyeitoa ailipe hasara aliyomletea mwenziwe. Kisha kuna neno moja ambalo wengi hawalijui: kumwondoa wakala hakuna nguvu juu yake mpaka apate habari. Kazi aliyoifanya kabla ya kujua ni kazi halali, na kamisheni yake ni halali.

Sheria yampa wakala pia haki ya kuzuia mali au karatasi za bwana wake zilizo mkononi mwake kihalali mpaka alipwe kamisheni na gharama alizotoa kwa ajili ya mali hiyo, isipokuwa kama mkataba unakataza. Nasema "isipokuwa" kwa nguvu, maana mikataba mingi inakataza, na mtu akizuia simu au mashine ya kampuni bila kusoma kwanza, huweza kugeuka mshtakiwa.

Zitazameni pia hila za maneno. Baadhi ya mikataba ya kukodi jina huandika kwamba mtu huyu si wakala bali ni mfanyabiashara wa kujitegemea. Shabaha yake mara nyingi ni kumkosesha zile haki za wakala. Hata hapo hajaachwa uchi. Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo chasema kwamba anayevunja mkataba, wa namna yoyote, humlipa mwenziwe hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo. Lakini aliyeumizwa naye asikae akiziacha hasara zikue. Atazamwe kama alitumia njia alizokuwa nazo za kuzipunguza. Mtu akiondolewa leo, akakaa mwaka mzima barazani pasipo kutafuta kazi nyingine, asitegemee kulipwa mwaka mzima.

Mkataba kuvunjwa ni jambo moja, na mkataba kwisha ni jambo jingine. Watu huyachanganya. Mkataba wa miaka miwili ukifika mwisho wake, mwenye jina hashurutishwi kuuandika upya, isipokuwa kama alijifunga katika karatasi. Wakala hawezi kusema, "Nimezoea." Ataidai kamisheni yake, ataidai amana yake, ataomba nafasi ya kumaliza mali aliyoinunua, lakini mkataba mpya hawezi kuudai kama haki. Ila huweza kutokea kwamba muda umekwisha, na kampuni yaendelea kumletea kazi na kumlipa kwa masharti yaleyale. Hapo mwenendo wao waweza kuonyesha kwamba waliendelea kupatana, na hakimu atautazama. Kwa hiyo karatasi za malipo ya miezi hiyo zisitupwe, wala ujumbe katika simu usifutwe.

Wala haki si za upande mmoja. Yuko wakala aliyeondolewa kwa haki kabisa: anayemkata mzee asiyejua kusoma shilingi elfu mbili zaidi, anayesajili laini kwa kitambulisho cha mtu mwingine, anayeitoa siri ya namba ya mteja. Huyo kampuni ikimngoja siku 30 itawaumiza wengine. Na hata aliyeondolewa kwa dhuluma hana ruhusa ya kuliacha bango ukutani na kuendelea kujitangaza kwa jina lisilo lake. Jina lina mwenyewe katika sheria. Alishushe bango, arudishe vifaa alivyopewa, atake hati iliyotiwa sahihi kwamba amevirudisha.

Nikifika hapa namkumbuka yule wakili katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 16. Tumezoea kuhubiriwa ujanja wake. Lakini angalieni jinsi bwana wake alivyofanya. Alipewa habari mbaya juu ya yule mtu. Akamwita mbele yake, akamweleza alilolisikia, akamtaka atoe hesabu. Hakumfungia mlango usiku. Hata yule aliyekuwa na kosa kweli aliitwa, akaambiwa sababu, akapata nafasi ya kwenda kutazama vitabu vyake.

Mababa watakatifu nao wamesema juu ya mapatano ya mwenye nguvu na mnyonge. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha habari za mshahara kwamba kukubali kwa mdomo hakutoshi kulifanya patano kuwa la haki, iwapo mmoja amekubali kwa kushurutishwa na shida. Papa Paulo VI aliyakumbusha mafundisho hayo tarehe 26 Machi 1967 katika Populorum Progressio, akiyatumia kwa biashara ya mataifa: pande mbili zikiwa hazilingani kabisa, ridhaa yao peke yake haihakikishi haki ya mkataba. Mimi si mwanasheria, wala sidhani hakimu ataisoma barua ya Papa kortini. Lakini Mkristo aliye mkubwa katika kampuni, au wakala mkuu aliyeko mjini mwenye mawakala wadogo chini yake, hana ruhusa ya kusema, "Alitia sahihi mwenyewe," na kulala usingizi.

Nchi nyingine zimelitia jambo hili katika sheria zao. Mataifa ya Ulaya yalipatana mwezi wa Desemba 1986 kwamba wakala wa biashara ya bidhaa mwenye mkataba usio na mwisho maalumu apewe taarifa ya mwezi mmoja akiwa katika mwaka wa kwanza wa kazi, miezi miwili katika mwaka wa pili, na mitatu toka mwaka wa tatu. Tena aweza kupata malipo ya kuagwa kwa ajili ya wateja aliowaleta. Marekani ilitunga sheria mwaka 1978 kwa ajili ya wenye vituo vya mafuta: kampuni isivunje wala isikatae kuendeleza mkataba pasipo sababu zilizotajwa, na kwa kawaida itoe taarifa ya siku 90.

Huko Marekani iko na hadithi ya soda yenyewe. Mwaka 1899 wanasheria wawili walimwendea Asa Candler, mwenye Coca-Cola, wakapata haki ya kuitia chupani karibu nchi nzima kwa dola moja. Candler aliona chupa ni upuuzi. Mkataba ule haukuwa na mwisho. Baada ya Vita Kuu ya kwanza bei ya sukari ilipanda sana, na kampuni ikataka kupandisha bei ya maji matamu ya kutengenezea soda. Wenye kutia chupani wakakataa. Kampuni ikadai kwamba yaweza kuuvunja mkataba ipendavyo. Mwaka 1920 wakafikishana mahakamani, na mwaka 1921 wakapatana kwamba bei ifuate bei ya sukari. Hawa walikuwa matajiri wenye mawakili wao, lakini kiini cha ugomvi kilikuwa kilekile cha mama wa Mbaha: karatasi ilisema nini juu ya mwisho?

Karibu nasi zaidi ni Kenya. Mawakala wa M-Pesa wa kule walifungwa na mikataba isiyowaruhusu kuhudumia kampuni nyingine. Mwezi wa Julai 2014 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliviondoa vifungo hivyo, na wakala akawa huru kuweka majina mengi kibandani. Kwetu Tanzania jambo hilo ni la kawaida, na mabango matatu au manne huonekana juu ya mlango mmoja. Mama yetu alikuwa na jina moja tu, kwa sababu mtaji wa floti haukutosha kugawanywa. Akina mama wenzake wenye laini mbili, wakifungiwa moja, hubaki na nyingine ya kununulia chumvi.

Nirudi katika ile floti, kwa kuwa ndiyo iliyomliza. Fedha iliyo ndani ya laini ya uwakala si mali ya kampuni. Ni mtaji wa wakala mwenyewe, uliogeuzwa kuwa tarakimu katika simu. Chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, fedha zote za simu sharti ziwe na fedha halisi zilizowekwa benki katika akaunti ya udhamini, mbali na fedha za matumizi ya kampuni. Laini yaweza kufungwa. Shilingi 640,000 haziwezi kuyeyuka. Nilipomweleza hivyo, mama aliniuliza mara tatu kama nina hakika.

Tuliandika barua kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na haikutupasa kuona haya. Tulitaja tarehe ya mkataba, tarehe ya ujumbe wa simu, na kifungu cha siku 30. Tukadai mambo matatu: floti yote irudishwe, kamisheni ya Januari na ya siku za Februari alizofanya kazi ilipwe, na kamisheni ya siku 30 alizonyimwa ilipwe kwa kadiri ya wastani wa miezi sita iliyopita, ambao ulikuwa shilingi 85,000 kwa mwezi. Tukatoa nakala mbili. Moja alikwenda nayo mwenyewe mjini kwa wakala mkuu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nyingine ikabaki ndani ya mfuko wake wa nailoni. Muhuri ule, ndugu wasomaji, ni wa thamani kuliko maneno makali.

Baada ya wiki tano floti ilirudi yote, pamoja na kamisheni ya kazi aliyoifanya. Akalipa VICOBA, ila alitozwa faini ya kuchelewa, shilingi 20,000. Juu ya zile siku 30 walijibu kwamba kukosa idadi ni kuvunja masharti, nao hawadaiwi. Mama alikwenda kumwona msaidizi wa kisheria. Hao wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Akamwambia kwamba dai lake si la kupuuzwa, na kwamba aweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo. Alimwambia pia kwamba hakimu huenda akakubaliana na kampuni juu ya neno lile la masharti.

Akapiga hesabu. Dai ni 85,000. Nauli, siku za kufunga kibanda, shahidi wa kulishwa. Nilimshauri aende, kwa ajili ya wengine watakaofungiwa kesho. Akaniuliza, "Mwanangu, hao wengine watanichangia nauli?" Sikuwa na jibu, na hata leo sioni kwamba alikosa. Muda wa kudai haki ya mkataba kwa sheria ya kawaida ya muda wa mashauri ni miaka sita, lakini katika Mahakama ya Mwanzo taratibu za muda zaweza kuwa nyingine, kwa hiyo mwenye dai asingoje, aulize mapema.

Mwezi wa Julai, kahawa ilipoanza kununuliwa huko juu, alipata laini ya kampuni nyingine. Safari hii aliyeleta mkataba alingojeshwa. Mama alimketisha barazani, akampa muhogo wa kuchemsha na dagaa, akamtuma mtoto kuniita. Tulianza kusoma ukurasa wa mwisho, panaposema habari za kuvunja mkataba, ndipo tukarudi mwanzo. Tuliomba idadi ya miamala ipungue toka Desemba hadi Machi. Kijana alisema hana mamlaka hayo, lakini akaandika ombi letu pembeni kwa kalamu na kutia sahihi. Sijui lina nguvu gani, ila limeandikwa.

Bango la zamani alilishusha siku ileile alipopata ujumbe wa pili. Aliandika barua waje kulichukua, na hakuna aliyekuja. Sasa limelala juu ya banda la kuku, maandishi yakiwa yameelekea chini.